Mita 33 si Kitu Kidogo Hapa Kiwanjani

Wasee wa kamera za 360, hii ni yenu. Ile panorama ulipakia kwa ramani, inaonyesha barabara ya hapa kwetu vizuri kabisa, mabati yanang'aa, mbuzi wanaonekana mpaka masikio. Lakini pini yake iko mahali pengine. Picha ni ya ukweli, mahali ni uongo. Na mkiambiwa, nyote mna jibu moja: "Si ni mita chache tu?"

Sawa, tuhesabu hizo mita chache.

Boda ikienda kilomita 40 kwa saa inakata kama mita 11 kila sekunde. Umefunga kamera juu ya helmeti, na simu inayoipa kamera GPS iko nyuma kwa sekunde 3. Kila picha yako inaanguka mita 33 kutoka pale ulipoipiga. Sasa chukua ploti ya futi 50 kwa 100. Futi 50 ni mita 15. Umeruka ploti mbili na umeingia ya tatu. Mimi niliacha kampasi kabla ya digrii, na hii hesabu haikunihitaji nirudi.

Kwingine labda hiyo si noma. Hapa ni noma.

Jina lenyewe la mtaa wetu lina kiwanja ndani yake. Kiwanja cha ndege kiko hapo, na ukimwambia Mtanzania "kiwanja" anaelewa ploti, kwa hivyo jina limebeba zile story mbili zote. Kuna familia zilihamishwa kupisha huo uwanja wa ndege, zikaahidiwa ploti kwingine. Maneno ya nani alipewa ipi, na nani alikuta ile yake ina mwenyewe mwingine, ni ya miaka mingi. Uwanja ukafunguliwa 2017 na Rais Uhuru Kenyatta, ardhi yake imegusa Isiolo na pia Meru, na mpaka wa hizo kaunti mbili umebishaniwa tangu wazee wetu wakiwa vijana. Mahali kama hapa, ukiuliza "hii picha imepigwa wapi?" hujauliza mambo ya teknolojia. Umeuliza nani anakaa wapi na kwa haki gani. Mtu akichukua panorama yako, apige picha ya skrini pamoja na pini, aitupe kwa grupu ya WhatsApp na maneno "oneni huyu amejenga kwa ploti yangu", utamwambia nini? Ni mita chache?

Tuache hata ardhi. Kuna mama hapa mtaani anauza maziwa ya ngamia. Kibanda chake kinaonekana vizuri kwa picha ya mtu mmoja hivi, kumbe pini imekaa kwa kichochoro cha nyuma, upande wa pili wa ua. Mteja mgeni anafika huko, anaona ukuta, anapiga simu. Mama anaacha wateja wengine aanze kuelekeza: rudi, pinda, uliza hao vijana wa boda. Wengine hawapigi hata simu, wanaondoka tu. Na mwenye boda anaongeza pesa kwa sababu alizungushwa. Hiyo picha ingekuwa haipo kabisa, mteja angeuliza njia mapema na angefika. Ndiyo maana nasema pini mbaya ni hasara kuliko kukosa pini: ukikosa unauliza, ukipata mbaya unaamini.

Halafu kuna kisingizio: "GPS ndiyo imenikosea." Buda, hapana. Ukiwa katikati ya maghorofa ya Nairobi nitakuskiza, kwa sababu ishara zinagonga kuta na kurudi zikiwa zimechelewa, na kwa GPS kuchelewa ndiyo kila kitu: sekunde moja ukiigawanya mara milioni, kipande kimoja tu kinakupoteza mita 300. Lakini Isiolo? Mbingu yetu iko wazi asubuhi mpaka jioni. Setilaiti ziko juu kilomita 20,200, simu inahitaji angalau nne, na hapa unaziona nyingi bila kitu cha kuzuia. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga makusudi ishara za raia, hata simu ya kawaida chini ya mbingu wazi inakosea kama mita 5. Mita 5! Hizo zingine 28 ni zako.

Na zinatoka wapi? Kwanza, kamera nyingi za 360 hazina GPS ndani. Ndiyo, ulinunua kitu cha bei ya ng'ombe na hakijui kiko wapi. Inaomba simu kupitia Bluetooth. Sasa simu iko ndani ya begi, skrini imezima, programu imelazwa ili kuokoa betri, na kamera inaendelea kuandikiwa mahali pa dakika mbili zilizopita. Ndiyo utapata picha kumi za mitaa tofauti zimerundikana kwa nukta moja kama matatu kwa stendi.

Pili ni saa, na hapa ndipo wengi wenu mnaanguka. Ukirekodi njia kwa simu na picha kwa kamera, halafu uziunganishe kwa kompyuta, kinachoziunganisha ni saa peke yake. Faili ya njia inaandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Kenya kwa masaa 3. Kamera inaandika saa uliyoiwekea, na kama hujaiwekea yoyote, inaweza kuwa bado iko na ya kiwandani. Saa ya Shenzhen iko mbele yetu kwa masaa 5. Sisi tayari tuna saa ya Kiswahili na saa ya simu, zimeachana masaa 6, na hatupotezani kwa sababu tunajua kuuliza "saa nane ipi?" Kompyuta haiulizi. Inabandika tu. Picha ya Kiwanjani inabandikwa pale ulipokuwa ukila chakula cha mchana.

Ya tatu ndiyo inanichekesha. Sisi tuko kaskazini ya ikweta kidogo tu, kama nyuzi 0.35. Kuna herufi moja inaandikwa ndani ya data ya picha, N au S. Ikikosewa hiyo herufi moja, Isiolo inaruka karibu kilomita 80 kusini, inavuka ikweta na kutua maeneo ya Chuka. Ngamia kwa mashamba ya chai. Na kama data haina kitu kabisa, sufuri na sufuri, picha inaenda baharini, Ghuba ya Guinea. Makosa kama hayo angalau mtu anayaona na anacheka. La mita 33 haliangaliwi na mtu, linakaa hapo linafanya kazi yake polepole.

Kampuni za ramani siziachi pia. Google wanakupa pointi 5 za Local Guides kwa picha, iwe imekaa mahali pake au kwa ua wa jirani. Ukifika pointi 100,000 uko daraja la 10, la juu kabisa, na hakuna shilingi umelipwa. Wanakutumia ujumbe picha yako imetazamwa mara ngapi. Hawakutumii ujumbe wa watu wangapi umewapoteza. Programu yao ya Street View ya simu waliifunga Machi 2023, na sasa kazi kubwa inataka kamera na kompyuta, kumaanisha wachache zaidi wanapakia, na makosa ya mtu mmoja yanakuwa ndiyo ramani ya mtaa mzima. Wanachukua kazi ya bure, wanachukua na makosa yake, halafu wanaiita ramani ya dunia.

Lakini najua mtasema tukilaumu Google tumemaliza. Hatujamaliza. Kibera ilikuwa kama pengo tupu kwa ramani za mtandaoni mpaka 2009, vijana wa huko huko waliposhika vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro vyao kwa miguu, wakachora wenyewe kwa OpenStreetMap. Hawakuwa na kamera za maana. Walikuwa wanajua choo kiko wapi na maji yako wapi, na pini ikikaa vibaya wangejua mara moja, kwa sababu ni kwao. Nyinyi pia ni kwenu! Unajua ile duka iko kabla ya kona, kwa ramani unaiona iko baada ya kona, na unabonyeza "pakia".

Na hapo ng'ambo ya Ewaso Nyiro, Samburu, Google walikuja 2015 na Save the Elephants wakapiga picha za mbuga. Ndovu wa huko wanavalishwa kola za GPS, na watafiti wanafuatilia njia zao miaka na miaka. Sina shida na ndovu. Nauliza tu kwa nini ndovu ajulikane alipo kuliko kibanda cha mama wa maziwa.

Kwa hivyo, kabla hujatoka tena na hiyo kamera: linganisha saa ya kamera na ya simu mpaka sekunde. Njia rahisi ni kupiga picha ya skrini ya simu ikionyesha saa, hiyo ndiyo iwe picha ya kwanza, tofauti utaiona kwa kompyuta na utairekebisha. Simu iweke nje, skrini ikiwaka, subiri dakika moja kabla ya kuanza. Kwa kona punguza mwendo, kwa sababu nukta zikiwa chache programu inachora mstari ulionyooka kati ya mbili, na huo mstari unapita sebuleni kwa mtu.

Zile umeshapakia, zifungue leo. Tafuta kitu ambacho hakiwezi kuhama, lango la shule, mnara wa msikiti, nguzo kubwa ya stima, uone kama kwa picha na kwa ramani kiko mkono ule ule. Kama hakiko, isogeze. Kama haisogei, ifute. Na kama ni ile inaonyesha kibanda cha maziwa ya ngamia, unajijua. Anza na hiyo.