Kolwezi: koperative ya wakulima isiwe mali ya wakubwa

Katika Kolwezi, mtu akitamka neno koperative, wengi wanafikiri kwanza juu ya wachimbaji, magunia ya kobalti na wakubwa wanaokula bila kushika sururu. Si ajabu basi mkulima wa Mutshatsha au Lubudi akisita anapoombwa kujiunga na koperative ya mashamba.

Lakini mkulima aliye peke yake anaumia kila mwaka. Mahindi yanavunwa kuanzia mwezi wa nne. Wakati huo ana deni la mbolea, watoto wanadaiwa pesa ya masomo, na hana depo ya kulinda mavuno na wadudu. Anauza kwa mfanyabiashara wa kwanza anayefika na lori, tena kwa kipimo cha mfanyabiashara huyo. Ikifika mwezi wa kwanza, yeye mwenyewe anatafuta unga wa bukari kwa bei ya juu, mara nyingi ule uliopita Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024, ukame ulipoharibu mashamba ya Zambia, hatari ya kungojea chungu cha jirani ilionekana wazi.

Depo ya kijiji, mizani ya haki na mashine ya kusaga vingebadili hesabu hiyo. Magunia yakiwekwa pamoja, watu wanaweza kungoja bei ipande. Sheria haidai mengi: ile ya OHADA, ambayo Kongo inaifuata tangu 2012, inaruhusu koperative ndogo kuanza na watu 5 tu.

Na pesa? Sheria ya madini ya mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya redevansi kwa sekta, usultani na komini ambamo kampuni zinachimba. Tena inadai kila kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka. Sehemu yake iende kwenye depo na barabara za mashamba, siyo kwenye viti vya ofisi.

Mashine inayotolewa mbele ya kamera, kisha inakosa mazuti baada ya miezi mitatu, si msaada. Wakulima wenyewe walipe hisa, hata kidogo. Wachague wanaoshika kashi, wanawake wakiwemo, maana jembe liko mikononi mwao kila siku. Hesabu isomwe mbele ya wote, kwa Kiswahili. Viongozi wa serikali na jamaa zao wabaki nje ya kamati.

Depo ikijengwa kabla ya mvua za mwezi wa kumi, mavuno ya mwezi wa nne yatapata pa kuwekwa.