Kipimo cha mifupa: namba moja haitoshi kuamua dawa

Mama wa miaka 60 anayeumwa mgongo huko Goma, Bukavu ao Uvira anaweza kukutana na njia mbili. Ya kwanza ni ya wauzaji wa vidonge vya nyongeza, wenye kimashini kinachounganishwa na ordinateri. Mtu anashika chuma mkononi kwa dakika moja, karatasi inatoka ikisema mifupa imechoka, na hapo hapo anauziwa makopo matatu. Ya pili ni ya munganga anayemwandikia ekzame yenyewe, densitometri. Mashini yake ni adimu sana hapa mashariki, na mara nyingi inabidi kusafiri, pengine kuvuka mpaka. Tangu vita vilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, safari hiyo imekuwa nzito zaidi.

Kwa hiyo, kabla jamaa haijachanga makuta, inafaa kujua ekzame hii inasema nini, na haisemi nini.

Mashini inaona nini

Densitometri inapima wingi wa madini ndani ya mfupa, hasa kwenye nyonga na pingili za chini za mgongo. Mgonjwa analala tu, haichomi, na mionzi yake ni kidogo kuliko ya radio ya kifua. Radio ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake: upungufu unaanza kuonekana vizuri wakati mfupa umekwisha kupoteza karibu 30 kwa mia ya madini yake. Na kile kimashini cha kushika mkononi? Hakipimi mfupa hata kidogo.

Jibu linakuja kwa namba inayoitwa alama T. Inalinganisha mfupa wa mgonjwa na ule wa kijana mwenye afya. Tangu 1994, OMS inahesabu hivi: kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida; kati ya -1 na -2,5 mfupa umepungua; -2,5 ao chini yake ni osteoporozi. Kwa wamama ambao bado wanapata hedhi na wanaume wasiofika miaka 50, munganga anatazama alama Z, inayolinganisha na watu wa umri wao.

Kuko jambo moja ambalo karatasi haielezi. Vijana wanaotumiwa sana kwa kulinganisha, hasa kwenye nyonga, ni wanawake wazungu wa Marekani. Namba inabaki na faida yake, lakini haiwezi kusimama peke yake.

Namba na mtu mwenyewe

Tuseme kuko wamama wawili. Wa kwanza ana miaka 52, alama -2,6, na hajavunjika hata siku moja. Wa pili ana miaka 74, alama -2,0, na pingili yake ya mgongo ilivunjika alipoteleza uani. Kwa kusoma karatasi tu, wa kwanza ndiye mgonjwa. Kumbe wa pili ndiye aliye karibu zaidi na kuvunjika tena.

Ndiyo maana mzee aliyevunjika nyonga ao pingili kwa kuanguka kidogo hapaswi kungojea mashini ya mbali. Munganga akiisha kuondoa sababu zingine, kuvunjika kwenyewe kunatosha kuanzisha mazungumzo juu ya dawa. Sababu hizo zingine zina uzito hapa: kifua kikuu kinaweza kushika uti wa mgongo na kubomoa pingili, na kansa pia. Dawa ya osteoporozi haitibu hizo.

Tena, osteoporozi haiumi mpaka mfupa uvunjike ao ubonyee. Magoti yanayolia asubuhi, mara nyingi ni maungio yaliyochakaa.

Munganga anapaswa pia kuambiwa dawa zote ambazo mtu ametumia. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila karatasi ya munganga mara nyingi vina deksametazoni, na dawa za jamii hiyo zikitumiwa kwa miezi zinakula mfupa. Lakini mwenye kuandikiwa dawa hizo na munganga asiziache kwa ghafula, ni hatari. Tenofoviri ya wanaoishi na VVU inapunguza mfupa kidogo, nayo pia isiachwe bila munganga.

Kabla ya kumeza

Alendronati, inayotumiwa mara moja kwa juma, inamezwa asubuhi tumbo tupu, na glasi nzima ya maji matupu, halafu mtu anabaki wima nusu saa bila kula. Akilala, inaweza kuchoma umio. Mwenye figo mbovu sana hapaswi kuitumia. Kwa hiyo ekzame ya figo na ya kalisi inatangulia, na meno mabovu yanatibiwa kwanza. Sindano ya denosumabu inatolewa kila miezi sita. Ikikatwa bila dawa nyingine kufuata, pingili zinaweza kuvunjika. Kwa mtu ambaye barabara yake inaweza kufungwa wakati wowote, hilo ni swali la kuuliza kabla ya sindano ya kwanza, si baada.

Maswali mengine ni haya: Hatari yangu ya kuvunjika ni kubwa kadiri gani, ukihesabu umri na historia yangu? Nitatumia dawa miaka mingapi, na nitaipata wapi? Ekzame itarudiliwa lini? Ikirudiliwa, ingekuwa vizuri kwenye mashini ile ile, kwa sababu mbili tofauti hazitoi namba zinazolingana.

Anayengoja jibu hakosi cha kufanya. Sambaza na ndagala zinazoliwa na mifupa yake zina kalisi nyingi, na maharage na soja zinasaidia kujenga mwili. Kutembea kunasaidia, tumbaku na pombe nyingi vinaharibu. Na taa usiku pamoja na njia ya choo isiyoteleza, kwa mzee, vinaweza kuzuia nyonga kuvunjika hata kabla dawa haijapatikana.