Damu ya Ukoo, Breki ya Baiskeli

Kabla ng'ombe wa mahari hawajavuka mpaka wa Busia au Malaba, wazee huwa wameshauliza: kwao kuna ugonjwa gani? Wasamia na Wateso wana jamaa Kenya na Uganda, kwa hiyo jibu hutafutwa pande zote mbili, na hupatikana upesi kuliko inavyostahili. Shangazi alifariki akiwa amevimba miguu, nywele zimemtoka, mashavu yana mabaka. Basi ukoo mzima una "kitu". Nimeona posa ikivunjika kwa neno hilo moja.

Swali silikatai. Nalikataa jibu. Dalili kama za shangazi huyo huweza kuwa za lupasi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe ikaumiza viungo, ngozi na figo, nao kweli hubebwa kwa sehemu na urithi. Lakini mapacha wa kufanana kabisa, wenye jeni zile zile, mmoja akiugua mwenzake mara nyingi hapatwi. Wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, ilhali jeni zake mwanamke huzipata kwa baba na kwa mama. Wanaomchunguza bibi harusi peke yake wamepima nusu ya mzani.

Mojawapo ya jeni za lupasi watu wa hapa wanaweza kuielewa bila darasa refu, maana hapa ndipo boda boda ilipozaliwa: baiskeli za kuwavusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Yeyote aliyewahi kukalia kiti cha nyuma anajua habari ya breki. Jeni iitwayo FCGR2B huunda breki ya chembe za kinga, na kuna namna yake ambayo breki hiyo hushika kidogo tu. Mwaka 2010 watafiti waliripoti kwamba watoto wa Kilifi wenye nakala mbili za breki hiyo legevu walipata malaria kali kwa nadra zaidi kuliko wenzao. Huko Ulaya na Asia, nakala hizo hizo mbili huongeza uwezekano wa kupata lupasi. Kinga isiyosimama upesi humkimbiza mdudu wa malaria, kisha hukosa pa kuishia.

Selimundu ilikwisha kutufundisha somo kama hilo. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba chembe za damu zenye umbo la mundu zimejaa kando ya ziwa na pwani, penye mbu, na ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hukingwa na malaria. Busia imo katika ukanda huo wa ziwa. Tunachokiita damu mbaya ni silaha ya mababu.

Mbona basi lupasi haisikiki sana huku, ilhali wanawake weusi wa Marekani na Uingereza huipata zaidi kuliko weupe? Mwaka 1968 Brian Greenwood, akiwa Ibadan, alishangazwa na uchache wa wagonjwa wa maradhi ya kinga kuugeukia mwili, akahisi kwamba vimelea ndivyo vinavyoituliza kinga. Baadaye panya waliozaliwa na mwelekeo wa ugonjwa kama lupasi, walipoambukizwa malaria ya panya, waliugua kidogo. Wapo wanaosema tatizo ni vipimo tu. Mimi naona wote wana sehemu yao, ila hao wa pili huniridhisha zaidi nikikaa asubuhi moja kwenye benchi la zahanati ya mpakani: kila homa ni malaria, na kila maumivu ya viungo ni taifodi au shamba.

Ndiyo maana makala haya yamewaendea wahudumu wa zahanati kabla ya maabara za jeni. Mwanamke kijana aliyerudi mara ya tatu na homa, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, vidole vinamuuma asubuhi, anahitaji kwanza kijiti cha kupimia protini kwenye mkojo, ishara ya figo kuumia. Vijiti hivyo vimo tayari kwenye kliniki ya wajawazito, chumba cha pili.