Zamu ya usiku Jacobs: barua ya wazi kwa Mkaguzi Mkuu wa Kazi, KwaZulu-Natal

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu watu wanaotoka viwandani Jacobs alfajiri wakiwa hawajiwezi. Wengi ni wenyeji wa Durban. Wengine ni wa kwetu, wa Bukavu, Bujumbura na Tanga.

Mwenzetu mmoja wa Uvira hupakia mizigo usiku. Alikuwa mchangamfu. Siku hizi ukimsalimu haitiki, chakula anakionja tu, mchana usingizi haumjii, na zamu ikikaribia moyo unamwenda mbio. Msimamizi anamwita mvivu. Naye sasa anaamini kweli ni mvivu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Huo si uvivu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii kuwa matokeo ya msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa: nguvu humwisha mtu, kazi humchukiza, na huona hafanyi la maana. Hali hii imezaliwa kazini, basi dawa ianzie kazini. Kumwambia akapumzike nyumbani huku zamu zake ziko vilevile ni kumwonea.

Sheria unayo. Sheria ya Masharti ya Msingi ya Ajira ya 1997 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zisizozidi 10, tena kwa makubaliano. Kifungu cha 17 kinasema anayefanya kazi mara kwa mara kati ya saa 5 usiku na saa 12 asubuhi aelezwe hatari zake kiafya, na haki yake ya kupimwa na daktari, kwa lugha anayoielewa. Akiugua kwa sababu ya kazi ya usiku, ahamishiwe mchana inapowezekana. Sijakutana na Mswahili hata mmoja Jacobs aliyeelezwa hayo kwa Kiswahili.

Wakaguzi wako wakifika, wasiishie kwenye mashine na vizima moto. Waitishe daftari la zamu, wahesabu saa za kila mtu, kisha wazungumze na wafanyakazi faragha, msimamizi akiwa mbali. Watu wetu hunyamaza kwa kuhofia karatasi zao. Wahakikishieni: Mahakama ya Kazi iliamua mwaka 2008, katika kesi ya Discovery Health, kwamba hata asiye na kibali halali ni mfanyakazi mbele ya sheria.

Anzeni na zamu ya usiku. Wakalimani wa Kiswahili wapo hapa Durban, nasi tuko tayari kuwaleta.

Wako,
Mkazi wa Durban