Msiniambie eti "hawakuomba kazi"

Leo nimeudhika, na nitasema na wanaprogramu wenzangu bila kuficha.

Wiki jana nilikaa na rafiki yangu asiyeona. Tulisoma naye sayansi ya tarakilishi chuoni, na kwa alama alinipita. Alikuwa akiomba kazi kwenye tovuti ya kampuni moja ya hapa Nairobi. Programu inayomsomea skrini ilipofika kwenye fomu ikawa inasema tu: "sanduku, sanduku, kitufe, kitufe." Sanduku la nini? Kitufe cha nini? Aliyeitengeneza hakuweka lebo. Mwishowe tovuti ikamtaka asome herufi zilizopindwapindwa ndani ya picha, ili athibitishe kuwa yeye ni binadamu. Hebu fikiria! Ilibidi mimi nimsomee.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi zake kwa watu hawa. Vizuri sana. Lakini siku hizi mlango wa kazi ni fomu ya mtandaoni, na seremala wa mlango huo ni sisi. Tukishaufunga, meneja anasema, "Tulitangaza, hawakuomba." Wangeombaje?

Na msiniletee habari ya gharama. NVDA, programu ya kusoma skrini, ni ya bure. Ilianzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Kanuni za WCAG za kutengeneza tovuti zinazofikiwa na wote zipo tangu 1999. Lebo ya sanduku moja ni mstari mmoja tu. Chomoa kipanya chako leo, ujaze fomu yako mwenyewe kwa kibodi pekee. Kisha washa NVDA, uzime skrini, ujaribu tena. Ukikwama, umejifungia nje ya nyumba uliyoijenga.

Nakiri, fomu yangu ya kwanza kazini ilikuwa mbovu vivyo hivyo. Miaka minne ya digrii, na sikuwahi kufundishwa jambo hili hata siku moja.

Kumbe maarifa yapo! Rafiki yangu anajua ni tovuti zipi zinazopitika, ajieleze vipi kwenye usaili, na aombe vifaa gani siku ya kwanza kazini. Ila yote hayo yamo kichwani mwake na kwenye simu za wenzake wachache, basi kila mhitimu anayemfuata anaanza sifuri. Sisi wanaprogramu tunagawana suluhisho la kila hitilafu ndogo. Kwa nini hili lisiandikwe, likawekwa wazi, kwa Kiswahili, mwajiri naye akalisoma?

Lakini tukianza, kalamu waishike wao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kazi yetu sisi ni kurekebisha fomu.

Nimemaliza. Nenda ukachomoe kipanya.