Mfumo haukatai, anayekataa ni mtu

Katika ofisi nyingi za umma za Kinondoni na Temeke limezoeleka neno moja linalofunga mjadala: "Mfumo umekataa." Mwananchi aliyetoka Mbagala au Bunju kufuata huduma huambiwa hivyo, akakunja karatasi zake na kuondoka. Neno hilo lingeweza kupuuzwa kama namna ya kusema tu, lau si kwamba linakuja wakati ambapo kompyuta zimeanza kujibu kwa Kiswahili fasaha, kumwandalia mwalimu andalio la somo na kumnyooshea karani barua yake. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba mashine hizo zinaelewa, zina nia, na pengine zinahisi. Na wapo wanaodai kwamba sayansi imekwisha kulithibitisha jambo hilo. Ukweli ni kwamba sayansi haijalithibitisha.

Chanzo cha imani hiyo ni cha zamani. Mwaka 1950 mwanahisabati wa Uingereza, Alan Turing, alipendekeza kwamba badala ya kubishana iwapo mashine inaweza kufikiri, ipimwe kwa mazungumzo: je, muulizaji asiyeiona ataweza kuyatofautisha majibu yake na ya mtu? Kipimo hicho kilikuwa na manufaa yake, lakini kilipima maneno, si kile kinachotukia ndani ya msemaji. Upungufu huo ulidhihirika mapema. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu yake iliyoitwa ELIZA, ambayo iliyachukua maneno ya mtu na kumrudishia yakiwa swali. Aliyesema ana huzuni aliulizwa huzuni hiyo imetoka wapi. Programu haikujua huzuni ni kitu gani, na bado watu waliifungulia mioyo yao hata mtunzi wake akashtuka. Mwaka 2022 mhandisi wa kampuni ya Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu ya mazungumzo ya kampuni hiyo ina hisia. Kampuni ilikanusha, naye akaachishwa kazi. Katika miaka hiyo yote mashine zilibadilika mno. Kilichobaki vilevile ni wepesi wa binadamu kuona nafsi kila palipo na maneno matamu.

Wataalamu wa ubongo wenyewe hawajakubaliana fahamu ni nini. Mwaka 1998 mwanasayansi Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba katika muda wa miaka 25 itakuwa imefahamika wazi jinsi ubongo unavyozaa fahamu. Juni 2023, mjini New York, Koch alikiri kushindwa, akalipa dau kwa mvinyo. Nadharia mbili mashuhuri zilikuwa zimekwisha kupambanishwa kwa majaribio. Moja hudai kwamba fahamu ni habari zilizoungana kwa namna ya pekee hata zikawa kitu kimoja. Ya pili hudai kwamba ni habari zinazotangazwa ubongoni kote, mithili ya kipaza sauti kinachosikika mtaa mzima. Hakuna iliyotoka na ushindi kamili. Miezi michache baadaye wasomi zaidi ya 100 walitia saini barua ya wazi wakiiita nadharia ya kwanza sayansi bandia, na watetezi wake wakawajibu kwa ukali. Ikiwa wenye soko hawajakubaliana juu ya mizani, ni nani awezaye kutangaza uzito wa mzigo?

Haki inadai isemwe pia kwamba anayeapa kuwa mashine haiwezi kamwe kuwa na fahamu naye anavuka mpaka wa elimu iliyopo. Lakini mzigo wa ushahidi uko kwa anayedai, na mpaka leo ushahidi ulioletwa ni ufasaha tu. Kasuku naye ni fasaha.

Kiswahili kinasaidia kuliona suala lenyewe. Jina "akili mnemba", au "akili unde" kama wengine wanavyopenda kusema, linataja akili, halitaji fahamu. Mgonjwa anapofikishwa hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke, muuguzi huuliza kama ana fahamu, wala haulizi kama ana akili. Mtu huzirai, mashine huzima. Aliyezirai, watu humkimbilia kwa kuwa kuna mtu wa kuokolewa. Iliyozima hutafutiwa umeme.

Tena, ukichunguza nyuma ya adabu ya mashine utawakuta watu. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya kampuni ya OpenAI, walikuwa wakisoma na kuainisha maelezo ya ukatili na udhalilishaji ili programu ifundishwe kuyaepuka. Malipo yao yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Baadhi yao walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowaumiza. Katika habari hiyo hapana ubishi juu ya fahamu ilikuwa kwa nani. Anayeihurumia mashine na kuwasahau watu hao ameikosea anwani huruma yake.

Tanzania nayo ina historia ya kujifunzia. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965 kwa matumaini makubwa. Hesabu za Serikali hazikwenda kama ilivyotarajiwa, kazi ikarudishwa mikononi mwa makarani, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, katazo lililokuja kulegezwa baadaye. Wakati ule mashine ilishutumiwa, leo inatukuzwa. Lakini shutuma na utukufu vyote viwili huipa mashine nafasi ya mtu. Chombo hakistahili kufukuzwa wala kusujudiwa. Kinastahili kusimamiwa.

Hapo ndipo neno "mfumo umekataa" linapoonyesha ubaya wake. Kukataa ni tendo la mwenye nia, na mwenye nia huweza kuulizwa sababu. Mfumo hufuata sharti lililowekwa na mtu, kwa taarifa zilizoingizwa na mtu, na mtumishi aliye dirishani ndiye anayeamua kama ataufuatilia au atauachia. Mstaafu ambaye jina lake limekosewa herufi moja hawezi kukata rufaa kwa kompyuta. Hali kadhalika mwalimu mwenye darasa lililofurika anaweza kusaidiwa na programu kusahihisha insha, lakini programu haitamwona mtoto wa dawati la nyuma aliyenyamaza kwa njaa. Alama ikiwa na makosa, mzazi atamtafuta mwalimu, na ana haki ya kumtafuta.

Wasomi waendelee na utafiti wao. Huenda siku moja mizani itapatikana. Wakati huo ukingojewa, mtumishi wa umma hana budi kusema lililo kweli: kwamba taarifa hazikulingana, kwamba sharti fulani halikutimizwa, kwamba yeye atalifuatilia na mwananchi arudi siku fulani. Maneno hayo ni marefu kuliko "mfumo umekataa", lakini yana mtu wa kuyajibia.