Mlango wa Kizazi: Tupime Kabla ya Kutuhumu

Mwanamke atokwaye na damu nje ya siku zake, au baada ya tendo la ndoa, aghalabu hutuhumiwa kabla ya kupimwa. Tuhuma hiyo ndiyo imfanyayo afiche maradhi mpaka yamzidi.

Ukweli ni kwamba mlango wa kizazi hubadilika kwa sababu nyingi. Yako mabadiliko ya kawaida ya ujana, ya mimba na ya vidonge vya uzazi wa mpango. Yako maambukizo kama kisonono. Viko pia virusi vya papiloma, ambavyo aina zake mbili, ya 16 na ya 18, husababisha takriban saratani 7 kati ya kila 10 za mlango wa kizazi. Virusi hivyo huenezwa kwa kujamiiana. Lakini huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, na mke mwaminifu huweza kuletewa na mumewe.

Mkoani Simiyu iko sababu nyingine isiyohusiana kabisa na zinaa, nayo ni kichocho. Msichana achotaye maji lamboni au apandaye mpunga huingiwa na vimelea kupitia ngozi. Mayai ya minyoo hukwama katika mlango wa kizazi, yakaleta madoa mfano wa mchanga, damu, maumivu na hata utasa. Akipewa dawa za magonjwa ya zinaa peke yake hatapona. Atarudi nyumbani na maradhi yale yale, pamoja na jina baya.

Serikali ilianza kutoa chanjo ya virusi vya papiloma nchini kote mwaka 1918 + 100, yaani 2018, na mwaka 2024 ikaamua dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, lakini chanjo haizuii kichocho. Prazikwanteli nayo hugawiwa zaidi shuleni, hali mama mkulima yuko shambani.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Waganga wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega wamwulize kila mgonjwa wa namna hii juu ya maji atumiayo. Kipimo cha siki, ambacho ni rahisi, kiwafikie wanawake vijijini. Na waume wawasindikize wake zao kliniki badala ya kuwahukumu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini si haki kumlaumu afichaye, ilhali sisi ndio tumwaibishao.